Meli dhidi ya ngome: usome Port Royal, Charleston au Fort Fisher?

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa historia aliniandikia. Ana vipindi vinne tu, anataka wanafunzi wake waelewe jinsi manowari za karne ya 19 zilivyopambana na ngome za pwani, na hataki kuwakaririsha tarehe. Achukue pambano lipi? Nilimjibu kwa maneno mawili, "Chukua Charleston," kwa kuwa ndilo nililokuwa nikilisoma wiki ile. Jibu hilo limenisumbua tangu siku hiyo, na sasa naona nilimpotosha. Haya ndiyo ningemwambia kama ningetulia kwanza.

Mapambano ninayoyalinganisha yote yametoka katika vita moja, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Sababu ni rahisi. Kaskazini, yaani upande wa serikali ya Muungano, ilikuwa na jeshi la majini, na Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, ilikuwa na pwani ndefu ambayo kila bandari yake kubwa ililindwa na mizinga. Rais Lincoln alitangaza kuifunga pwani hiyo mwezi Aprili 1861, na kwa miaka minne iliyofuata jeshi lile lile la majini likawa linagonga mlango baada ya mlango. Ndani ya muda huo meli za mbao zilipata wenzao wa chuma, na ngome za matofali zikaonekana dhaifu kuliko matuta ya mchanga. Ukibaki ndani ya vita moja unaona kitu kimoja kikibadilika huku vingine vikibaki vilevile. Ukiruka kutoka nchi moja hadi nyingine, hujui tena ni kipi kilicholeta tofauti.

Wengi wetu tukisikia habari za manowari kupiga pwani, mawazo yanakwenda moja kwa moja Zanzibar, asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Admeri Harry Rawson zilipolipiga kasri alimokuwamo Khalid bin Barghash kwa muda usiofika hata saa nzima. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Tukio lile linastahili vipindi vyake lenyewe na halifai kutajwa kwa kupita tu. Ila halijibu swali la mwalimu, kwa sababu kasri halikujengwa kupambana na manowari, na nguvu za pande mbili hazikukaribiana hata kidogo. Mwalimu anataka kujua nini hutokea pale ngome inapoweza kujibu.

New Orleans ya Aprili 1862 nayo nimeiacha kando. Pale Farragut, mkuu wa manowari za Kaskazini, alizipita ngome usiku akaenda zake kuuchukua mji. Ni kisa kizuri sana, lakini swali lake ni jinsi ya kuipita ngome, na sisi tunauliza jinsi ya kuishinda.

Zilizobaki ni tatu, na moja kati yake ilipigwa mara mbili:

| | Port Royal | Charleston | Fort Fisher, mara ya 1 | Fort Fisher, mara ya 2 |
|---|---|---|---|---|
| Tarehe | 7 Novemba 1861 | 7 Aprili 1863 | 24–25 Desemba 1864 | 13–15 Januari 1865 |
| Mkuu wa manowari | Du Pont | Du Pont | Porter | Porter |
| Manowari | zaidi ya 15, za mbao | 9, za deraya (zilizovikwa mabamba ya chuma) | karibu 60 | karibu 60 |
| Ngome | udongo na mchanga | matofali, pamoja na maboma ya mchanga | mchanga | mchanga ule ule |
| Askari wa nchi kavu | hawakushiriki | hawakushiriki | wachache walishuka, wakarudishwa melini | zaidi ya 8,000 |
| Mwisho | ngome zikahamwa | meli zikarudi nyuma | meli zikaondoka | ngome ikatekwa |

Port Royal: rahisi kuchora ubaoni

Port Royal ni mlango wa bahari katika jimbo la South Carolina, kati ya Charleston na Savannah. Upande mmoja kuna kisiwa cha Hilton Head, palipokuwa na Fort Walker. Upande wa pili ni Bay Point, palipokuwa na Fort Beauregard. Kati yao ni maji mapana ya kama kilomita 4. Ngome zote mbili zilijengwa kwa haraka miezi michache tu kabla ya kupigwa.

Samuel Francis Du Pont aliondoka Hampton Roads na msafara wa vyombo zaidi ya 70, vikiwa vimebeba askari zaidi ya 12,000. Tarehe 1 Novemba dhoruba ikautawanya msafara. Vyombo kadhaa vilizama, na mashua nyingi za kushushia askari zikapotea. Kwa hiyo jeshi la nchi kavu likabaki melini likitazama, na kazi yote ikawaangukia wanamaji.

Walichofanya asubuhi ya tarehe 7 kinachoreka kwa chaki bila taabu. Manowari ziliingia kwa mstari katikati ya ngome mbili, zikapanda hadi ndani ya mlango, zikageuka kushoto, kisha zikashuka polepole karibu na Fort Walker zikiipiga kwa ubavu. Zilipofika nje zikageuka tena na kurudia. Mpiga mzinga wa ngomeni alipokuwa amekwisha kupima umbali na kuelekeza mtutu, meli aliyoilenga ilikuwa imeshasogea. Meli za matanga zisingeweza kufanya hivyo mbele ya ngome bila kuuomba upepo ruhusa, lakini mvuke haumngojei mtu.

Vitabu vingi huishia kwenye duara hilo, na mimi nadhani ndipo vinapokosea. Mpango haukufuatwa hadi mwisho. Meli kadhaa ndogo zilitoka mstarini zikasimama upande wa kaskazini wa Fort Walker na kuipiga kutoka ubavuni, mahali ambapo wajenzi hawakutegemea adui atokee. Madhara makubwa yalianzia hapo. Mzinga mkubwa kuliko yote ngomeni, wa inchi 10, uliruka kutoka kwenye gari lake mapema asubuhi na haukufaa tena. Mchana ulipogeuka, Fort Walker ilikuwa tupu. Kaskazini ilipoteza watu 8 na majeruhi 23. Upande wa Kusini walikufa 11.

Kuna jambo ambalo wanafunzi hawatalisahau. Jenerali aliyesimamia ulinzi ufukweni alikuwa Thomas Drayton. Manowari Pocahontas, iliyochelewa kwa sababu ya dhoruba na kuingia vitani karibu na adhuhuri, nahodha wake alikuwa Percival Drayton. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anafyatua na mwingine anafyatuliwa.

Ukiwa na kipindi kimoja tu, chagua hili. Lina ramani moja na siku moja, na mwisho wake hauna utata. Tatizo lake ni kwamba linaacha somo la uongo mkononi mwa msomaji, yaani kwamba meli za kutosha zikizunguka vizuri zinaweza kuishinda ngome peke yake. Wakubwa wa jeshi la majini kule Washington waliliamini somo hilo, na miezi 17 baadaye likawagharimu.

Kabla sijaendelea, nitake nisitake, lazima niseme habari ya watu wa visiwa vile. Wenye mashamba ya pamba walipokimbia, waliwaacha nyuma watumwa wapatao 10,000. Wazee wa Gullah, yaani watu weusi wa visiwa hivyo, waliikumbuka tarehe ile kuwa siku mizinga mikubwa ilipolia, na wengi wao hawakurudi utumwani tena. Shule zikafunguliwa, na baadaye vikosi vya wanajeshi weusi vikaundwa hapo. Mwalimu ambaye lengo lake kubwa ni kuonyesha vita vilifanya nini kwa watu wa kawaida asihangaike na Charleston wala Fort Fisher. Aichukue Port Royal, dakika 20 zimtoshe kwa manowari, na muda uliobaki wote autumie kwa kilichofuata mizinga iliponyamaza.

Charleston: deraya yakutana na mizinga mingi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nakiri, na ndiyo sababu nilimjibu mwalimu vibaya.

Mwaka 1863 Du Pont, sasa akiwa admeri, aliamriwa kuingia bandari ya Charleston na kuinyamazisha Fort Sumter, ngome ambayo vita vilianzia kwake. Alipewa silaha mpya kabisa: manowari 7 za aina ya monita, kila moja ikielea chini sana majini na kubeba mizinga miwili ndani ya mnara wa chuma unaozunguka, New Ironsides, meli kubwa ya deraya yenye mizinga kwenye mbavu, na Keokuk, chombo cha majaribio chenye deraya hafifu kuliko wenzake. Washington ilikuwa na hakika ya ushindi. Du Pont hakuwa nayo. Mwezi Machi alikuwa amezijaribu monita tatu dhidi ya Fort McAllister, boma dogo la mchanga huko Georgia. Walilipiga kama saa nane mfululizo, na usiku walinzi wakachukua majembe wakarudisha mchanga mahali pake.

Hesabu ya tarehe 7 Aprili inatosha kumfanya mtu ashike kichwa. Kundi zima la Du Pont lilikuwa na mizinga 32. Kusini, chini ya Jenerali Beauregard, iliwapokea kwa mizinga zaidi ya 70 kutoka Sumter, Moultrie na maboma ya jirani, na maboya yalikuwa yamewekwa majini mapema ili wapigaji wajue umbali kamili wa kila meli inayopita. Mizinga ya monita ilikuwa mikubwa mno, mingine ya inchi 15, na kila mmoja ulihitaji dakika kadhaa kati ya pigo moja na jingine. Ndani ya saa mbili hivi za mapambano Kusini ilipiga mara 2,200. Kaskazini haikufika 160.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba na ilihofiwa kuwa na mabomu ya kutega. Weehawken, iliyoongoza, ilikuwa ikisukuma mbele yake chelezo cha kuyanasa, na chelezo kikawa mzigo kilichochelewesha mstari mzima. New Ironsides haikuweza kugeuka vizuri kwenye mkondo ule, ikatia nanga mara mbili, na siku nzima ikapiga makombora 8 tu. Muda fulani ilisimama juu ya bomu kubwa la umeme lililotegwa chini ya maji, bila wenyewe kujua. Mtu wa ufukweni alijaribu kulilipua akashindwa.

Keokuk ilisogea karibu na Sumter kuliko nyingine zote, ikapigwa kama mara 90. Rubani wake alikuwa Robert Smalls. Hilo neno rubani kwetu lilikuwa la baharini kabla ndege hazijalichukua, na Smalls alilistahili kwa maana yake ya kwanza. Alizaliwa mtumwa huko Beaufort, karibu kabisa na Port Royal. Mei 1862 aliichukua meli ya Kusini iitwayo Planter alfajiri, akiwa na familia yake na wenzake, akaipitisha mbele ya ngome za Charleston kwa kutoa ishara sahihi, na kuikabidhi kwa Kaskazini. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anarudi kwenye maji yale yale ndani ya chombo kilichotobolewa kama chekecheke. Keokuk ilizama asubuhi iliyofuata. Smalls alinusurika, na baadaye akawa mbunge katika Bunge la Marekani.

Jambo la ajabu ni jinsi watu wachache walivyokufa. Deraya ilifanya kazi yake, na upande wa Kaskazini alikufa mtu mmoja katika mapambano yenyewe. Lakini minara ilikwama, vifuniko vya matundu ya mizinga vikagoma, na ndani ya Nahant bolti za chuma ziling'oka kwa kishindo zikaruka kama risasi. Chombo kinaweza kuwa kizima na bado kisifae kupigana. Du Pont alikusudia kurudi kesho yake, lakini baada ya kusikiliza taarifa za manahodha wake akakataa. Mwezi Julai alikuwa ameondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Admeri John Dahlgren.

Charleston ni chaguo sahihi kwa anayetaka kuelewa chuma: deraya inazuia nini, inagharimu nini, na kwa nini kasi ya kufyatua ina uzito sawa na ukubwa wa mtutu. Ni chaguo zuri pia kwa mtu anayevutiwa na namna wakubwa walio mbali wanavyomlazimisha mtu aliye karibu na hatari. Barua kati ya Du Pont na Washington zinasomeka kama kesi mahakamani.

Ila kwa vipindi vinne vya mwalimu ina kasoro mbili. Ya kwanza, pambano la siku moja halijitoshelezi. Ukishamaliza tarehe 7 Aprili wanafunzi watauliza ikawaje, na jibu linakupeleka Fort Wagner mwezi Julai, kwa Kikosi cha 54 cha Massachusetts cha wanajeshi weusi, kisha kwenye mizinga ya nchi kavu iliyoigeuza Sumter kuwa kifusi mwezi Agosti, kisha kwenye shambulio la mashua la Septemba lililoshindwa, mpaka Februari 1865 mji ulipohamwa kwa sababu jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini lilikuwa linakuja kwa nyuma. Ni karibu miaka miwili. Kifusi kiligeuka kuwa ngome bora kuliko matofali yenyewe! Hilo peke yake ni muhula mzima. Kasoro ya pili ni kwamba Charleston inaonyesha kushindwa tu, na kushindwa pekee hakumwambii mwanafunzi ni nini kingefaulu.

Fort Fisher: jaribio lililofanywa mara mbili

Kufikia mwisho wa 1864 bandari kubwa pekee ya Kusini kwenye Atlantiki iliyokuwa bado inapokea meli za magendo ilikuwa Wilmington, North Carolina. Shehena zake zilipanda reli kwenda kulilisha jeshi la Jenerali Lee wa Kusini. Mlango wa mto Cape Fear ulilindwa na Fort Fisher, iliyojengwa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka miwili chini ya Kanali William Lamb, kwa jasho la askari na la watumwa waliopelekwa huko kwa nguvu.

Ichore hivi: herufi L iliyolala juu ya rasi nyembamba ya mchanga. Mkono mfupi, wa kama mita 600, unakata rasi kutoka mtoni hadi baharini ukitazama nchi kavu. Mkono mrefu unafuata ufukwe kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Hakuna matofali ya kupasuka. Kuta ni mchanga uliooteshwa majani, na kati ya mzinga na mzinga kuna tuta kubwa la kukinga, lenye chumba ndani yake cha watu kujificha. Kombora likiangukia kati ya matuta mawili linamdhuru aliye hapo tu, jirani yake hapati kitu. Mizinga ilikuwa 47.

Mara ya kwanza Admeri David Dixon Porter alikuja na manowari karibu 60, na Jenerali Benjamin Butler akaja na askari wapatao 6,500. Butler alikuwa na wazo: meli kuukuu, Louisiana, ijazwe tani 215 za baruti na kulipuliwa karibu na ngome, mshindo wake uzibomoe kuta. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba ikalipuliwa, hata kabla Butler na askari wake hawajarudi kutoka walikokuwa wamejikinga na dhoruba. Mwanga ukaonekana mbali sana. Ngome haikupata hata ufa.

Kisha mizinga ikaanza, makombora yapatayo 20,000 kwa siku mbili. Kwa macho ya aliyekuwa baharini, Fort Fisher ilikwisha: moshi, vibanda vya askari vinawaka, mizinga ya ngome inajibu kwa nadra. Lamb alikuwa akitunza baruti. Wapigaji wengi wa Porter walikuwa wakilenga bendera, na makombora mengi yakapita juu ya ngome kwenda kuanguka mtoni nyuma yake. Waliokufa ndani ya ngome walikuwa wachache mno. Kilichowaumiza zaidi wanamaji wa Porter siku zile ni mizinga yao wenyewe ya aina ya Parrott, iliyopasuka kwenye meli tano tofauti.

Siku ya Krismasi askari kama 2,500 walishuka ufukweni. Wachache wakafika karibu kabisa na ukuta, na mmoja akarudi na bendera iliyoangushwa na kombora. Jenerali Weitzel, aliyewaongoza, alitazama mkono mfupi wa L, akaona mizinga yake bado imesimama, akasema kuushambulia ni kuwaua watu bure. Butler akaamuru warudi melini, kinyume cha agizo la Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, kwamba jeshi likishashuka lijichimbie na kubaki. Mamia waliachwa ufukweni hadi bahari ilipotulia. Butler akapoteza cheo chake.

Sasa geuza ukurasa. Wiki tatu hazijapita, Porter yupo pale pale na karibu meli zile zile. Ngome ni ile ile na Lamb ni yule yule. Askari wengi ni wale waliorudishwa melini Krismasi. Makombora yatakayopigwa ni karibu idadi ile ile, 20,000 hivi. Kilichobadilika ni mambo machache, na unaweza kuyaandika kwenye kiganja.

Jenerali mpya, Alfred Terry, alielewana na Porter. Walipanga pamoja, na askari wa ishara wenye bendera wakawa wanazungumza kati ya ufukwe na meli muda wote. Askari walishuka tarehe 13, wakachimba mstari wa kukata rasi upande wa kaskazini ili jeshi la Jenerali Hoke wa Kusini lisiwashambulie kwa nyuma, na kwenye mstari ule kikawekwa kikosi cha wanajeshi weusi chini ya Jenerali Paine. Kazi hiyo haikuandikiwa nyimbo, lakini bila wao hakuna ambaye angethubutu kuigeuzia ngome uso.

Na ulengaji ukabadilika. Porter aliwaagiza wapigaji waache bendera, walenge mizinga. New Ironsides, ile ile iliyokwama Charleston, na monita nne zikasogea karibu na mkono mfupi wa L na kuanza kuuvunja mzinga mmoja baada ya mwingine kwa siku mbili na nusu. Kufikia mchana wa tarehe 15 karibu mizinga yote iliyotazama nchi kavu ilikuwa imelala ubavu, na nyaya za mabomu yaliyotegwa mchangani mbele ya ukuta zilikuwa zimekatwa na makombora.

Karibu saa tisa na nusu alasiri meli zote zikapiga honi za mvuke kwa pamoja. Wanamaji na askari wa manowari wapatao 2,000, wengi wakiwa na bastola na panga fupi za melini, wakakimbilia kona ya baharini. Walichinjwa. Mamia walianguka kwenye mchanga mtupu, na kuna waliolaumu agizo hilo la Porter maisha yao yote, nami nadhani walikuwa na haki. Lakini walinzi waliokusanyika kuwapiga waligeuka wakakuta bendera za adui upande wa pili, wa mtoni, ambako vikosi vya Curtis, Pennypacker na Bell vilikuwa vimeshaingia. Kuanzia hapo ikawa tuta kwa tuta, chumba kwa chumba, huku New Ironsides na wenzake wakipiga tuta lililo mbele ya askari wao kila waliposonga. Mapigano yaliendelea mpaka karibu saa nne usiku. Lamb alijeruhiwa vibaya, na Jenerali Whiting, aliyekuja kusimama naye, akafa kwa majeraha yake mwezi Machi. Kaskazini ilipoteza zaidi ya watu 1,000 waliouawa na kujeruhiwa. Asubuhi iliyofuata ghala kuu la baruti likalipuka na kuua watu wa pande zote mbili waliokuwa wamelala juu yake. Wilmington ilianguka tarehe 22 Februari.

Basi mwalimu achague lipi

Fort Fisher, mara zote mbili, na asikubali kuzitenganisha. Historia hutunyima karibu kila mara nafasi ya kurudia jambo lile lile na kubadilisha kitu kimoja au viwili. Hapa imetupa. Mwanafunzi akiuliza kama mizinga mingi inatosha kuangusha ngome, huna haja ya kumhubiria. Mwekee Desemba na Januari juu ya ramani moja, makombora 20,000 hapa na 20,000 pale, umwache ahangaike mwenyewe kutafuta tofauti.

Kuna gharama yake. Majina ya majenerali ni mengi, na mpango wa ngome unahitaji kuchorwa kwa uangalifu, la sivyo hakuna atakayeelewa kwa nini upande wa mtoni ulikuwa na maana. Anayefundisha watoto wadogo, au mwenye kipindi kimoja, arudi Port Royal bila aibu. Anayeandika tasnifu kuhusu deraya abaki Charleston. Anayesafiri kwenda kuona kwa macho ajue kwamba Sumter inafikiwa kwa boti na inaonyesha mengi, mmoja wa mizinga miwili ya Keokuk, iliyoopolewa usiku usiku na watu wa Kusini, upo hadi leo kwenye bustani ya White Point mjini Charleston, na sehemu kubwa ya mkono wa baharini wa Fort Fisher imeliwa na mawimbi.

Kwa vyanzo, mapambano yote matatu yako sawa. Taarifa za manahodha na makamanda wa pande zote mbili zilichapishwa na serikali ya Marekani na zinapatikana bure kwenye intaneti, kwa Kiingereza. Mwalimu anaweza kutafsiri kurasa mbili tatu: taarifa ya Butler ya Desemba na ya Terry ya Januari zinatosha kuwasha mjadala.

Na kipindi cha kwanza ningekianza na picha. Mpiga picha Timothy O'Sullivan alifika Fort Fisher wiki chache baada ya kutekwa akapiga mkono ule mfupi wa L kutoka ndani. Zigawe picha bila maelezo. Mizinga imepinduka, magari yake yamekuwa kuni, mbao zimetapakaa. Waulize wanafunzi waoneshe ni wapi ukuta umebomoka, na uwape muda wa kutosha kutafuta.